Maunti za kurekebisha kemba: aluminiamu au chuma, na kutu huanzia wapi?

Swali la msomaji: Nina gari la kila siku ambalo mara chache kwa mwaka nalipeleka uwanja wa mbio. Nataka kufunga mbele maunti za juu za kurekebisha kemba, yaani vile vishikizo vya juu vya shokapu vinavyoruhusu kubadili mlalo wa gurudumu. Fundi wangu hataki kabisa za aluminiamu, anasema zitaozesha bodi. Rafiki yangu anasema nifunge hizohizo ila nibadilishe bolti zote niweke za chuma cha pua. Barabara zetu humwagwa chumvi wakati wa baridi. Tena kuna mtu ananiuzia seti iliyotumika, ya aluminiamu, ina ungaunga mweupe kwenye matundu. Nichukue ipi, na nifungeje nisije nikaharibu bodi?

Jibu: Ndugu yangu, nianze na jibu fupi kwa sababu najua unataka kununua. Kwa gari linalokula chumvi msimu mzima wa baridi, mimi ningechukua maunti ambayo bamba lake linalogusa bodi ni la chuma kilichopakwa zinki-nikeli, na aluminiamu ikiwepo iwe kile kipande kinachoteleza juu ya bamba hilo. Maunti ya aluminiamu pekee nayo inafaa, mradi imepigwa anodaizi ngumu (ngozi ya oksidi ya kukinga) na uko tayari kuihudumia kila mwaka. Bolti za chuma cha pua achana nazo. Seti iliyotumika nitaifikia mwishoni.

Sasa sababu zake, maana ukizishika utaweza kuamua mwenyewe hata ukikutana na maunti ambayo sijaitaja hapa.

Metali mbili tofauti zikigusana, na maji yenye chumvi yakazilowesha zote mbili, umeme mdogo huanza kupita kati yake. Moja hutoa elektroni na kuliwa, nyingine huzipokea na kubaki salama. Ili jambo hili litokee lazima viwepo vitu vitatu kwa pamoja: metali zilizo tofauti, mgusano wa metali kwa metali, na unyevu unaopitisha umeme. Ukiondoa kimoja tu, ulaji huo unasimama. Wahandisi hupima tabia hii kwa volti. Kwenye maji ya bahari zinki husoma karibu −1.0, aluminiamu karibu −0.75, chuma cha kawaida karibu −0.6, na chuma cha pua kati ya −0.1 na −0.05. Ile iliyo hasi zaidi ndiyo inayoliwa, na kadiri pengo linavyokuwa kubwa ndivyo msukumo wa ulaji unavyoongezeka.

Ukizisoma namba hizo kwa makini utaona jambo ambalo wengi hulitaja kinyume. Aluminiamu ikikutana na chuma cha bodi, inayoliwa ni aluminiamu. Chuma cha bodi, katika jozi hiyo, kinalindwa. Kwa hiyo maunti ya aluminiamu haiozeshi bodi kwa njia ambayo fundi wako anaifikiria.

Hata hivyo usimpuuze. Pengine amekwisha kufungua magari yenye maunti za namna hiyo na kukuta kutu imezunguka matundu ya kikombe cha shokapu, yaani ile sehemu ya bodi ambayo kichwa cha shokapu kinashikwa kwa nati tatu au nne. Kutu hiyo ni ya kweli, ila inakuja kwa njia nyingine. Bamba jipya linapobanwa juu ya rangi ya bodi, kingo zake kali hukwaruza rangi. Kila mara unaporekebisha kemba bila kuinua gari, bamba hukokotwa huku limebeba uzito, na chembe za mchanga zilizonaswa chini yake zinasaga rangi mpaka chuma kinaonekana. Kisha maji huingia katikati ya nyuso mbili na hayatoki. Mwanya mwembamba kiasi hicho ni makazi bora ya kutu hata metali zote mbili zingekuwa chuma, kwa sababu oksijeni ndani yake hupungua, chumvi hujikusanya, na maji hubadilika kuwa makali zaidi kuliko yaliyo nje. Aluminiamu nayo ikianza kuliwa hutoa ule ungaunga mweupe, ambao unachukua nafasi kubwa kuliko metali iliyoutoa. Unga huo unavimba, unainua ukingo wa rangi, na njia ya maji inazidi kupanuka.

Kuna jambo lingine linalosahaulika. Bodi za magari mengi ya kisasa ni za chuma kilichopakwa zinki chini ya rangi. Zinki ni hasi zaidi kuliko aluminiamu kwenye ile orodha ya volti, kwa hiyo rangi ikikwaruzika na zinki ikagusana na aluminiamu kwenye maji ya chumvi, zinki ndiyo inayotangulia kuliwa. Haiendi haraka sana, kwa sababu ngozi ya oksidi iliyo juu ya aluminiamu ni mpokeaji hafifu wa umeme, lakini tabaka la zinki la kiwandani ni jembamba mno na likishaisha mahali, chuma kinabaki uchi.

Kwa hiyo swali la "aluminiamu au chuma" ni nusu tu ya swali lako. Nusu nyingine, na kwa maoni yangu ndiyo kubwa, ni hali ya maungio yenyewe: nani anagusa nani, rangi ya nani imebaki nzima, na maji yakiingia yanatokea wapi. Nimeona maunti za aluminiamu zilizokaa miaka kwenye chumvi zikiwa safi, na za chuma zilizooza mapema, na mara nyingi tofauti ilikuwa kwenye namna zilivyofungwa.

Nikupe kisa cha kale ambacho hufundishwa kwenye somo hili mpaka leo. Mwaka 1761 jeshi la majini la Uingereza liliivika meli HMS Alarm mabati ya shaba kuzuia minyoo ya baharini. Mabati yalipigiliwa kwa misumari ya chuma. Ilipokaguliwa mwaka 1763, misumari mingi ilikuwa imeliwa vibaya na mabati mengine yamebanduka. Lakini baadhi ya misumari ilikuwa nzima. Kilichoiokoa ni karatasi ya kahawia iliyokuwa imebaki katikati ya shaba na chuma. Karatasi tu, si kitu cha gharama, lakini ilitosha kukata mgusano. Shughuli yako yote ya kufunga maunti inafuata kanuni ileile: weka kitu chembamba kisichopitisha umeme katikati, na kibaki hapo.

Sasa tuangalie bidhaa yenyewe.

Ukikuta maunti ya aluminiamu, uliza ni aluminiamu gani. Wauzaji hupenda kutangaza aloi (mchanganyiko wa metali) iitwayo 7075-T6 kwa sababu ina nguvu kubwa. Huanza kupinda kabisa karibu na megapaskali 500, wakati 6061-T6 iko karibu na 276. Kwa gari la mbio linalokaa ndani na kufunguliwa kila wiki, sina neno na 7075. Kwa gari lako hapana. Aloi hiyo ina shaba ndani yake, kati ya asilimia 1.2 na 2.0, na shaba ni adui wa aluminiamu panapokuwa na chumvi. Isitoshe, 7075 katika hali ya T6, yaani ikiwa imekomazwa kwa joto, ina udhaifu wa kupasuka polepole inapokuwa imebanwa kwa nguvu huku inaloweshwa na chumvi, hata kama kwa macho haijaliwa sana. Bamba la 6061 likiongezwa unene kidogo linabeba mzigo wa maunti bila shida na linavumilia chumvi vizuri zaidi. Bidhaa isiyotaja aloi yake hata kidogo, mimi huiacha.

Kisha anodaizi. Hii si rangi. Ni ngozi ya oksidi inayokuzwa kutoka kwenye aluminiamu yenyewe kwa umeme, na haipitishi umeme. Ile ya mapambo, yenye rangi nyekundu, buluu au dhahabu, kwa kawaida ina unene wa maikroni (sehemu ya elfu ya milimita) 5 hadi 25. Ile ngumu hufikia maikroni 50 hivi na mara nyingi huwa ya kijivu au nyeusi. Kwa kazi yako tafuta ngumu, na uulize kama imezibwa vinyweleo baada ya kupigwa, kwa sababu anodaizi isiyozibwa huhimili msuguano vizuri lakini hupenyeza chumvi. Uliza pia kama nyuzi za matundu zilikatwa kabla ya anodaizi au baada. Zikikatwa baada, kila tundu lina aluminiamu uchi inayosubiri bolti ya chuma. Maunti nzuri hazina nyuzi kabisa ndani ya aluminiamu; bolti hupita moja kwa moja na kushikwa na nati ya chuma upande wa pili.

Tena angalia matundu marefu ambamo bolti huteleza unaporekebisha kemba. Hapo ndipo anodaizi hufa kwanza. Wosha ndogo na ngumu ikibanwa na kusogezwa mara kadhaa huacha mstari unaong'aa kando ya tundu, mwembamba kama milimita moja au mbili, na baada ya msimu mmoja wa chumvi ndipo unga mweupe unapoanzia. Chagua maunti inayotumia wosha pana na nene, au kipande kimoja kirefu cha kubana kinachofunika tundu lote, ili mzigo usambae na usikwangue.

Kwa maunti za chuma, maneno "imepakwa zinki" peke yake hayatoshi. Zinki ya kawaida ya umeme huwa na maikroni 5 hadi 12 na kwenye chumvi inaisha upesi. Zinki-nikeli yenye nikeli asilimia 12 hadi 15 hudumu zaidi sana kwa unene uleule, na ina faida moja inayokuhusu moja kwa moja: volti yake iko karibu na ya aluminiamu. Kipande cha aluminiamu kikikaa juu ya chuma cha zinki-nikeli, pengo kati yao ni dogo. Ndiyo maana nilianza na mchanganyiko huo. Mipako ya vipande vidogovidogo vya zinki iliyookwa nayo ni mizuri, hasa kwa bolti. Rangi ya unga mimi siipendi kwenye uso unaobanwa: ni nene, mara nyingi maikroni 60 hadi 120, inapasuka chini ya kichwa cha bolti, na ikishapasuka inahifadhi maji chini yake bila wewe kuona.

Mtengenezaji akikuonyesha saa za jaribio la ukungu wa chumvi, zipokee kwa kiasi. Jaribio hilo hunyunyizia maji yenye chumvi asilimia 5 kwenye nyuzijoto 35 bila kukoma, na linafaa kulinganisha mpako mmoja na mwingine. Haliwezi kukuambia miaka. Isitoshe, kwa kawaida hupima kipande kikiwa peke yake, wakati shida yako iko pale vipande viwili vinapokutana.

Nikirudi kwa rafiki yako na bolti za chuma cha pua. Namwelewa, chuma hicho hakipati kutu yenyewe, kwa hiyo mtu anadhani kinamaliza kutu. Lakini soma tena volti: kutoka aluminiamu hadi chuma cha kawaida pengo ni kama 0.15, na kutoka aluminiamu hadi chuma cha pua ni zaidi ya 0.6. Bolti itabaki inang'aa huku tundu linaloizunguka linaliwa. Ukubwa wa maeneo unasaidia kidogo, kwa kuwa bolti ni ndogo na bamba ni kubwa, na ndiyo sababu watu wengine huzifunga na kuona mwaka wa kwanza umepita salama. Tatizo ni kwamba ulaji hausambai bamba zima. Unakusanyika pale bolti inapogusa, na hapohapo ndipo panapobeba mzigo. Kuna na suala la nguvu: bolti ya chuma cha pua ya daraja la A2-70 ina nguvu ya megapaskali 700, chini ya bolti ya chuma cha kawaida ya daraja la 8.8 yenye 800, na mbali kabisa na 10.9. Halafu nyuzi za chuma cha pua hupenda kung'ang'aniana zinapokazwa kavu, na ukilazimisha inakatika.

Bolti nyeusi za alenki (zenye kishimo cha pembe sita kichwani) za daraja la 12.9, ambazo huja na maunti nyingi, nazo zina kasoro yake. Ule weusi ni oksidi nyembamba iliyopakwa mafuta na haizuii kutu kwa chochote cha maana. Watu wakiziona zimeota kutu huzipeleka kupakwa zinki kwa umeme. Usifanye hivyo. Chuma kigumu kiasi hicho hunyonya haidrojeni wakati wa kupakwa, na kisipookwa ipasavyo baada ya hapo, kichwa kinaweza kukatika ghafla siku kadhaa baada ya kukazwa, gari likiwa limesimama tu. Kinachofaa ni bolti za 10.9 zilizopakwa kiwandani ule mpako wa vipande vidogovidogo vya zinki, ikiwa mtengenezaji wa maunti anakubali daraja hilo. Muulize, usishushe daraja kwa kubuni.

Angalia pia kile kishimo cha alenki kwenye kichwa cha bolti. Bolti ikisimama wima kichwa juu, kishimo hujaa maji ya chumvi na kukaa nayo. Baada ya miezi kadhaa pembe zake huliwa, alenki inazunguka bure, na huwezi kurekebisha chochote mpaka utoboe bolti. Kijaze grisi nzito au nta na ukifunike kwa kizibo cha plastiki. Ni kazi ya dakika moja na inaokoa adha kubwa.

Beringi ya tufe iliyo katikati ndiyo kipande kinachokufa mapema kuliko vyote, na wanunuzi huiangalia mwisho. Nyingi zina tufe la chuma cha kromu kinachozunguka kwenye bitana ya tefloni. Chuma hicho hupata kutu kirahisi. Tufe likishaota kutu linakuwa kama msasa, linakula bitana, na unaanza kusikia mlio wa kugonga kila ukipita tuta. Usiipake grisi ukidhani unaisaidia. Bitana ya tefloni hufanya kazi kavu, na grisi hukamata vumbi. Tafuta beringi ya chuma cha pua ambayo imekaa ndani ya bushi iliyopakwa, na yenye kifuniko cha mpira juu na chini. Kama maunti unayoitaka haina kifuniko, na gari ni la kila siku, iache hata kama kila kitu kingine ni kizuri.

Kabla ya kufunga, jiulize pia unahitaji marekebisho kiasi gani. Ikiwa lengo ni kurudisha kemba iliyopotea kidogo baada ya kushusha gari, bolti za ekseni ya pembeni, ambazo zikizungushwa husogeza gurudumu, zinazofungwa kule chini, shokapu inapokutana na nako (kipande kinachobeba gurudumu), zinaweza kukutosha. Huongeza au kupunguza takriban digrii moja na kuacha maunti ya mpira ya kiwandani mahali pake. Kwa uwanja wa mbio huenda ukataka zaidi ya hapo, na maunti za juu ndizo zitakazokupa.

Siku ya kufunga, onyo moja kabla ya lingine lolote: nati ya katikati ya shokapu haifunguliwi springi ikiwa haijabanwa kwa kibano chake. Springi iliyobanwa ndani ya shokapu inaweza kuua mtu. Kama huna vifaa, mwachie fundi sehemu hiyo.

Shokapu ikishatoka, osha kikombe cha bodi juu na chini, kikauke kabisa, halafu kiangalie kwa tochi ya pembeni. Mwanga wa pembeni huonyesha malengelenge ya rangi ambayo mwanga wa juu huyaficha. Penye chuma uchi safisha, paka praima ya epoksi, kisha rangi, na usubiri ikauke muda wote ulioandikwa kwenye kopo. Rangi mbichi ikibanwa inakamuliwa nje na bolti zinalegea. Tumia matabaka membamba kwa sababu hiyohiyo.

Hapa nataka usimame kidogo, maana ndipo wengi wanapokosea kwa nia njema. Ukiwa na muda wa kupaka upande mmoja tu, paka chuma, usipake aluminiamu. Inaonekana kinyume, kwa kuwa aluminiamu ndiyo inayoliwa. Lakini fikiria: ukipaka aluminiamu na kuacha chuma uchi, kisha rangi ya aluminiamu ikapata tundu dogo la sindano, umeme wote unaovutwa na eneo zima la chuma unatoka kwenye tundu hilo moja. Litachimbwa shimo jembamba na refu kwa haraka ya ajabu. Ukipaka chuma badala yake, anayevuta umeme amefunikwa, na ulaji unadhoofika kila mahali. Kupaka pande zote mbili ni bora zaidi.

Katikati ya bamba na bodi weka pesti ya kuzuia mgusano, ile inayouzwa kwa ajili ya kuunganisha aluminiamu na chuma kwenye boti. Tabaka jembamba linatosha. Unataka lijaze mwanya wote na ziada itoke pembeni, ili maji yasipate pa kuingia. Usitumie grisi ya shaba. Kila gereji ina kopo lake na kila fundi huikimbilia, lakini shaba si hasi kama aluminiamu kwa volti, pengo lao ni kubwa, na aluminiamu ndiyo itakayolipa. Tumia isiyo na metali au yenye zinki. Usiweke pia wosha nene za nailoni au shiti za mpira kati ya nyuso zinazobana. Plastiki laini hutiririka polepole chini ya mzigo, bolti hupoteza mkazo wake, na maunti iliyolegea itasaga rangi yako usiku na mchana.

Kaza kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kwa kipimo cha mtengenezaji. Jua tu kwamba kipimo hicho kimeandikwa kwa nyuzi kavu au zenye mafuta, kimojawapo. Ukipaka grisi kwenye nyuzi zilizokusudiwa kuwa kavu, toki ileile itaivuta bolti zaidi ya inavyotakiwa. Rudia kuzikagua baada ya kilomita mia chache za kwanza. Kemba ikishapimwa na kuridhika nayo, nyunyiza nta ya kuzuia kutu juu na chini ya maungio yote, ukiikwepa beringi. Na kuanzia siku hiyo, kila unapotaka kusogeza bamba, inua gari kwanza ili uzito utoke.

Wakati wa baridi, suuza vikombe vya shokapu kwa maji mengi yasiyo na kasi kubwa; maji ya presha yakilenga beringi yanasukuma chumvi ndani. Usitegemee kwamba gari likikauka kutu imelala. Chumvi ya kawaida huvuta unyevu wa hewa na kuwa maji pale unyevu unapofika asilimia 75 hivi, lakini kloridi ya magnesi na ya kalsi, ambazo nazo humwagwa barabarani, hufanya hivyo kuanzia karibu asilimia 30. Maana yake ni kwamba maungio yanaweza kubaki na majimaji ndani ya banda kavu kwa wiki nyingi, na banda lenye joto huharakisha ulaji. Baridi ikiisha, toa nta ya zamani, kagua matundu marefu, safisha na upake upya.

Kuhusu seti unayouziwa. Ungaunga mweupe wenyewe haumaanishi imekufa. Mwombe muuzaji aifungue vipande vyote mbele yako. Bolti yoyote ikikataa kufunguka, mrudishie. Ile bolti imeshikana na aluminiamu kwa ulaji, na kuitoa kutavunja nyuzi. Zikifunguka, sugua unga kwa brashi ya nailoni, kamwe si ya waya wa chuma kwa sababu huacha chembe za chuma ndani ya aluminiamu, kisha pitisha ukucha kwenye uso uliobanwa na kwenye kingo za matundu. Doa jepesi lisilokamata ukucha linaweza kusafishwa, likapakwa praima na kutumika. Ukucha ukinasa kwenye mashimo karibu na tundu la bolti au pale beringi inapokaa, usiinunue kwa bei yoyote. Na kama muuzaji anakuambia kwa fahari kwamba ni ya 7075, mashimo hayo ni sababu ya kuikataa mara mbili, kwa kuwa kila shimo kwenye aloi hiyo linaweza kuwa mwanzo wa ufa.